Kabla ya kugusa taimingi, tazama plagi inafika wapi

Vespa ikiacha kuvuta, wengi hukimbilia taimingi, yaani wakati wa kupigwa cheche. Mimi ni fundi hapa Mwanakwerekwe, na ninachokuombeni ni kimoja: ifungueni plagi kwanza.

Petroli haiwaki yote kwa mpigo. Moto huanzia kwenye ncha ya plagi, ukasambaa mpaka kona ya mwisho ya silinda, na injini haiusubiri. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imeshageuka digrii 18. Ndiyo maana cheche hupigwa pistoni ikiwa bado inapanda, ili nguvu kubwa ije inapoanza kushuka. Plagi iliyo katikati ya hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, hufupisha njia ya moto, kwa hiyo cheche haitangulizwi sana. Iliyo pembeni hutaka itangulizwe zaidi. Tena ile hewa na petroli ya upande wa mbali, ikibanwa na kushika joto, huweza kuwaka yenyewe kabla moto haujafika. Hapo ndipo injini inapogonga, hasa ukipanda vilima vya Pemba na mzigo. Usiudharau mlio huo, unatoboa pistoni.

Tundu la plagi huwezi kulihamisha, lakini kina inachofika plagi watu wanakiharibu kila siku. Dukani wanatazama unene tu: milimita 14, basi, inaingia. Na urefu wa nyuzi, ile sehemu ya skrubu, je? Zipo za milimita 12.7 na zipo za 19. Ukifunga fupi kwenye hedi ya ndefu, cheche inapigwa ndani ya tundu na moto unachelewa kutoka. Fundi asiyejua atasogeza taimingi kufidia. Vespa moja niliyoifungua karibuni ilikuwa na plagi fupi hivyo, nyuzi za ndani za hedi zilikuwa zimejaa masizi magumu, plagi ya saizi yake ikagoma kuingia mpaka nilipoyakwangua taratibu. Ukifunga ndefu kwenye hedi ya fupi, pistoni inaweza kuigonga. Nenda dukani na plagi ya zamani, muipime kwa rula, lakini hakikisha kwanza ndiyo iliyoandikwa kwenye kitabu cha chombo chako.

Wenye Honda Fit za mwanzo, zile zenye injini ya i-DSI, kila silinda ina plagi mbili, jumla 8, ili moto uanzie pande mbili na kumaliza kazi haraka. Nne za nyuma zimejificha karibu na wipa, na mafundi wavivu huziacha. Lipia zote nane, na usimame pale pale mpaka uone za nyuma zimetoka.