Ganzi Iliyoanza Alfajiri

Nilichomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, pamoja na ganzi, mgongoni saa nne asubuhi kwa ajili ya maumivu ya kiuno. Kufika saa nane mchana ganzi ilikuwa imekwisha, natembea mwenyewe. Maumivu ya kiuno yalikuwa yamerudi kidogo, lakini nilishaambiwa nisishtuke, maana steroidi yenyewe huchukua siku kadhaa kufanya kazi. Kosa nililifanya usiku.

Tangu nipate bonge la damu mguuni natumia rivaroksabani, dawa ya kuzuia damu isigande. Madaktari wangu wawili, wa bonge na wa sindano, walikubaliana niiache siku 3 kabla, kisha niirudie kesho yake jioni. Siku za kuacha nilizihesabu kwa vidole. Siku ya kurudia sikuitilia maanani. Nilikuwa na hofu ya bonge, nikaona hiyo siku moja si kitu, nikameza usiku uleule.

Saa kumi alfajiri niliamshwa na maumivu mapya mgongoni, makali, si yale niliyoyazoea. Nikajikokota chooni. Kibofu kimejaa, mkojo hautoki. Narudi chumbani, mke wangu akawasha taa: "Kandambili yako nyingine iko wapi?" Ilikuwa imebaki mlangoni mwa choo. Mguu wa kulia haukuwa umesikia kwamba imevuka.

Nikamwambia ni ganzi tu, nilale kidogo. Akanijibu: "Baba Neema, ganzi ya jana asubuhi inaanzaje leo alfajiri?"

Sentensi hiyo ndiyo iliyonipeleka hospitali. Kipimo cha MRI, cha kupiga picha za ndani ya mwili, kilionyesha damu imevuja na kujikusanya ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, inabana mishipa ya fahamu. Mfereji ule umezungukwa na mfupa, hautanuki, kwa hiyo damu ikijaa hukandamiza kilichomo. Kila daktari aliyeingia aliuliza swali moja: miguu ilianza kulegea saa ngapi? Huwa wanahesabu saa, kwa sababu mishipa ikibanwa muda mrefu huenda isirudi hata damu ikitolewa. Nilipasuliwa kabla ya saa sita mchana.

Sikutishi usichomwe. Uvujaji wa namna hii ni nadra, na wengi huchomwa wakarudi nyumbani salama. Ila ukiwa kwenye dawa za kuzuia damu isigande, omba uandikiwe tarehe mbili, ya kuacha na ya kurudia, pamoja na saa. Usijipangie mwenyewe, wala usiache kwa kusikia kwamba jirani aliacha: kwa kawaida warfarini huachwa siku 5 na damu hupimwa kabla ya sindano, klopidogreli siku 7. Mwenye kifaa cha kutanua mshipa moyoni akiacha kiholela, mshipa huohuo unaweza kuziba. Aliyekuandikia dawa ndiye aseme.

Na ukiulizwa unatumia dawa gani, taja vyote. Aspirini ndogo ya kila siku ni dawa. Ibuprofeni na diklofenaki pia, na hata vidonge vya kitunguu saumu, ginkgo na mafuta ya samaki. Watu hawavitaji kwa kuwa havikuandikwa na daktari.

Ganzi ya sindano hupungua kadiri saa zinavyokwenda. Ukiona mguu uliokuwa mzima unaanza kulegea, sehemu unayokalia imekufa ganzi, mkojo umeziba au choo kinatoka bila habari, au mgongo unauma kupita ulivyokuwa, nenda hospitali yenye MRI usiku huohuo. Mlangoni sema mapema: nimechomwa sindano ya mgongo, natumia dawa ya kuzuia damu isigande. Mimi nilianza kueleza habari za kiuno, nikaketishwa foleni mpaka mke wangu alipowasemea hayo mawili.

Mkojo ulirudi baada ya siku 9 za mpira wa kutoa mkojo. Vidole viwili vya mguu wa kulia bado havisikii, na siku hizi navaa viatu vya kufunga kisigino.