Maswali ya Wasomaji: Daraja la Chuma Lililoupa Mji Jina

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Mimi ni fundi seremala hapa Morogoro. Mwanangu aliye kidato cha pili ameniletea kitabu cha historia chenye picha ya daraja la chuma la huko Uingereza, linalotajwa kuwa la kwanza duniani. Nimeivalia miwani picha hiyo nikitafuta bolti, sijaiona hata moja. Je, zamani hizo ambapo hakuna aliyejua kuchomelea, vyuma hivyo viliungwaje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Jicho lako la useremala halikukudanganya, ndugu yetu. Daraja hilo linavuka mto Severn katika jimbo la Shropshire, na ndilo daraja kubwa la kwanza duniani kujengwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Mji mdogo uliokua ubavuni mwake ulichukua jina la daraja lenyewe, ukaitwa Ironbridge, yaani Daraja la Chuma. Karibu vyuma vyake vyote viliungwa kwa namna ileile unayounga wewe kitanda au fremu ya mlango: ulimi unaingia katika tundu, kipande kinapita ndani ya kipande kingine, kisha kabari inagongwa ili kiungo kikaze.

Sababu yake ni kwamba hapakuwa na fundi aliyewahi kujenga kitu cha namna hiyo kwa chuma. Mchoro wa awali ulitoka kwa msanifu Thomas Farnolls Pritchard, ambaye mwenyewe alianza kazi kama seremala, naye alifariki mwaka 1777 kabla tao halijasimamishwa. Kazi ikabaki mikononi mwa Abraham Darby wa Tatu, mwenye matanuri ya chuma ya Coalbrookdale, kijiji cha jirani. Babu yake ndiye aliyefanikiwa mwaka 1709 kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa kwanza, badala ya mkaa wa miti, na bila hatua hiyo chuma kisingepatikana kwa wingi wa kutosha kujengea daraja. Kwa kuwa kanuni za kuunga chuma hazikuwapo, walishika zile walizozijua, ambazo zilikuwa za mbao.

Mbavu kuu za tao zilisubiwa kila nusu kwa kipande kimoja kizima chenye uzito wa tani zaidi ya 5, zikasimamishwa mwaka 1779 juu ya mto uliokuwa ukipitisha mashua mchana kutwa. Daraja zima lina vipande takribani 1,700 na uzito wa tani 378, na tao lake lina upana wa mita 30 hivi bila nguzo yoyote majini. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo wewe utalielewa kuliko wengi wetu. Watafiti walipopima vipande hivyo kimoja kimoja, waligundua kwamba hata vile vinavyofanana kwa macho havilingani kwa vipimo, kwa kuwa kila kimoja kilitengenezwa kwa kufuata nafasi yake. Ni sawa na unavyouchonga ubao hadi uingie mahali pake, si mahali pengine.

Kujenga chuma kana kwamba ni mbao kulikuwa na gharama. Katika mwaka 1796 mhandisi Thomas Telford alijenga daraja jingine la chuma huko Buildwas, katika mto huohuo, mbele kidogo kuelekea chanzo chake. Tao lake lilikuwa pana zaidi, lakini lilitumia chuma kisichofika nusu ya kile. Hata hivyo nisingependa Darby abezwe kwa hilo, kwani mafuriko makubwa ya Februari 1795 yalipoharibu madaraja ya mawe ya Severn, lake lilibaki salama, maji yakipita katika uwazi wa tao.

SWALI: Mimi ni mkazi wa Kigamboni, nami nimezoea kulipa tozo darajani. Je, watu wa kale nao walilipa?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Walilipa, tena wote. Daraja hilo la chuma la Darby lilikuwa mali ya wanahisa waliopata kibali cha Bunge mwaka 1776, na gharama zilipita makadirio kwa mbali, zikamwachia Darby madeni aliyokufa nayo mwaka 1789. Lilipofunguliwa tarehe 1 Januari 1781, kila aliyevuka kwa miguu alitoa nusu peni, na magari ya farasi yalitozwa zaidi. Ubao wa viwango ungalipo katika nyumba ya tozo, na maneno yake ya mwisho yanasema kwamba askari, awe kazini au asiwe kazini, atalipa, na vilevile gari la barua na hata Familia ya Kifalme.

Magari yalizuiwa mwaka 1934, kwa sababu kingo za bonde hilo huteleza na kuzisogeza kuta za mawe zinazolishika tao. Tatizo hilo lilitibiwa katika miaka ya 1970 kwa kujenga zege chini ya mto ili kuta zisikaribiane. Waenda kwa miguu waliendelea kulipa hadi mwaka 1950, daraja lilipokabidhiwa kwa halmashauri ya jimbo, na tangu hapo huvuka bure.