Kipimo kinasema nina kingamwili za influenza. Je, nichanjwe tena?

SWALI: Nina umri wa miaka 63, naishi Tanga, na nina kisukari. Mwaka juzi nilichanjwa chanjo ya influenza kabla ya kwenda Umra. Mwaka huu nimejaaliwa kwenda Hijja. Maabara moja ya binafsi imenipima damu kwa kipimo cha haraka, ikaniambia kingamwili zangu za IgG ziko juu na zinashika influenza ya aina zote, hivyo sina haja ya kuchanjwa tena. Wakaniuzia na vidonge vya kuzilinda kingamwili hizo. Niwaamini?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Usiwaamini. Kachanjwe, tena angalau wiki mbili kabla ya kuondoka, maana mwili unahitaji muda huo kujibu chanjo.

Karibu kila mtu mzima ameshaugua influenza tangu utotoni, kwa hiyo karibu kila mtu mzima ana IgG (kingamwili zinazobaki damuni baada ya ugonjwa au chanjo) inayoshika sehemu fulani ya kirusi hicho. Wangempima dereva wa bodaboda aliyekupeleka pale, naye wangemwambia yuko juu, hata kama hajachanjwa maishani mwake. Kipimo cha namna hiyo kinajibu swali ambalo hukuliuliza.

Linaloniudhi zaidi ni hili neno "zinashika". Nalisikia kila msimu wa safari, na limebeba nusu ya ukweli. Juu ya kirusi cha influenza kuna protini mbili kubwa. Neuraminidasi huwaachia virusi wapya watoke kwenye seli. Hemaglutinini ndiyo inayokinasisha kirusi kwenye seli za njia ya hewa, nayo ina kichwa na shina. Kingamwili zinazokizuia kirusi kisinase ni zile zinazokaa kichwani, na kichwa ndicho kinachobadilika mwaka hadi mwaka. Shina hubadilika kidogo sana, ndiyo maana baadhi ya kingamwili za shina la H1 (H ni hemaglutinini, N ni neuraminidasi, na namba hutaja aina yake) hulitambua hata la H5 ya mafua ya ndege. Hizo ndizo kingamwili mtambuka. Zipo, zinaweza kupunguza makali ya ugonjwa, na watafiti wanazitafutia chanjo kwa miaka mingi. Lakini chanjo ya kawaida ya msimu huamsha zaidi zile za kichwani. Na kumshika mwizi pindo la shati si kumfungia mlango.

Maabara inayopima uwezo wa kuzuia hufanya kazi nyingine kabisa. Seramu, yaani maji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, hutiwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, ikizimuliwa hatua kwa hatua: 1:10, 1:20, 1:40 na kuendelea. Kinaongezwa kirusi kinachochunguzwa, kisha chembe nyekundu za damu ya bata mzinga au ya simbilisi. Kirusi kikiwa huru, huziunganisha chembe zikatanda kishimo kizima. Kingamwili zikikizuia, chembe huzama na kufanya kitone chekundu katikati, na ukiinamisha sahani kitone hicho hutiririka mstari mwembamba. Kiwango cha 1:40, yaani seramu kuzimuliwa hadi hapo na bado ikazuia, ndicho kinachohusishwa na kupungua kwa hatari ya kuugua kwa karibu nusu, tena dhidi ya kirusi kile kilichotiwa kishimoni tu. Weka kirusi cha msimu mwingine, na seramu ile ile huenda isizuie chochote.

Tumeliona hilo kwa macho. Mwaka 2009, H1N1 mpya ilipozuka, wataalamu wa Marekani walipima seramu zilizokuwa zimehifadhiwa. Watoto waliochanjwa chanjo za misimu iliyotangulia hawakuwa na kinga mtambuka dhidi yake. Takriban theluthi ya watu waliozidi miaka 60 walikuwa nayo, kwa sababu ujanani mwao walikutana na H1N1 za kale zilizofanana na hii mpya kichwani. Msimu wa 2014/2015 H3N2 ilibadilika baada ya aina za chanjo kuwa zimeshachaguliwa, na ufanisi wa chanjo Marekani ukashuka hadi asilimia 19 hivi. H3N2 ile ile kwa jina.

Kwa hiyo chanjo yako ya mwaka juzi ihesabu imeisha. Kingamwili zake zimepungua, na virusi navyo vimesonga mbele. Shirika la Afya Duniani huchagua aina mpya mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa za kusini. Mwombe muuguzi akuonyeshe kisanduku: ya kusini huandikwa mwaka mmoja, ya kaskazini miwili yenye alama ya mkwaju (/) katikati. Chukua iliyo ya karibuni kati ya zilizopo na ambayo muda wake haujaisha. Kwa kisukari chako na msongamano wa Mina, usiliahirishe. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni jambo jingine, nayo ni ya lazima kwa kila haji.

Vidonge acha kuvimeza. Hakuna kidonge kinacholinda kingamwili. Vipeleke kwa daktari wako wa kisukari aone vina nini, maana vingine huvuruga sukari.

Na wasomaji wengine mnisikie, kwa sababu biashara hii haikuanzia kwenye influenza. Ni kosa lile lile la Widal, kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili za taifodi. Mtu ana homa, anapimwa Widal mara moja, anaambiwa ana taifodi na kuondoka na antibiotiki, wakati kingamwili zilizoonekana zinaweza kuwa za Salmonela nyingine (jamii ya bakteria alimo wa taifodi), za ugonjwa wa zamani, au zimeamshwa na malaria aliyonayo siku hiyo. Wanaouza majibu hayo wanalijua hilo, au wana wajibu wa kulijua. Mgonjwa anaumwa malaria isiyotibiwa, na dawa za taifodi zinazidi kuzoewa na vijidudu. Ukiambiwa una taifodi kwa Widal peke yake, dai upimwe malaria hapo hapo, na uombe damu ikaoteshwe maabara ili ionekane kama kweli ina vijidudu, kabla hujameza kidonge cha kwanza cha antibiotiki.