Betri mbili, moja imekufa

SWALI: Land Cruiser yangu ya dizeli ina betri mbili za volti 12, zimeungwa chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Moja imekufa. Ninunue moja tu?

JIBU: Hapana, badilisha zote mbili, aina moja na ukubwa mmoja. Iliyochakaa huinyonya mpya hata gari likiwa limezimwa. Kwanza pima alternata, yaani mashine inayochaji betri: injini ikiunguruma, upate volti 13.8 hadi 14.4. Zisipofika, huenda tatizo haliko kwenye betri peke yake. Fungua hasi za betri zote, ndipo chanya. Kufunga, anza na chanya. Na vyuma vya kushikilia betri, tafadhali, vikaze sawasawa! Kwenye rafu rodi, betri inayorukaruka hupukutisha unga wa sahani za risasi zilizo ndani yake, unajaa chini mpaka seli (kimoja cha vyumba vya betri) inapiga shoti.