"Watahiniwa wote hawakufaulu": je, hakuna aliyefaulu?

SWALI: Ripoti moja ya mtihani imeandikwa, "Watahiniwa wote hawakufaulu." Mimi nilielewa kwamba hakuna hata mmoja aliyefaulu, ilhali mwenzangu anashikilia kuwa waliofaulu ni baadhi tu. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Sentensi hiyo inabeba maana zote mbili, na kwa sababu hiyo haifai kabisa kuandikwa katika ripoti. Utata wake unatokana na uhusiano wa "wote" na ukanushi: ukanushi ukikihusu kitenzi tu, kila mtahiniwa anaambiwa kwamba hakufaulu, ukilihusu dai zima, kinachokataliwa ni kwamba wote walifaulu. Tuseme watahiniwa walikuwa 40, wakafaulu 25. Dai la kwanza litakuwa la uongo na la pili la kweli, ingawa maneno ni yale yale. Ndiyo maana wewe na mwenzako mnaweza kukubaliana kabisa kuhusu matokeo na bado mkabishana kama ripoti inasema kweli, kwa kuwa ukweli ni sifa ya dai, na hapa hamjaafikiana ni dai lipi lililotolewa.

Tofauti hii ni ya tangu Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. "Wote walifaulu" na "si wote waliofaulu" haziwezi kuwa kweli pamoja wala uongo pamoja, lakini "wote walifaulu" na "hakuna aliyefaulu" zinaweza zote mbili kuwa uongo, kama zilivyo katika mfano wetu.

Huenda ukauliza mbona methali "Vyote ving'aavyo si dhahabu" haimtatizi mtu. Ukiichukua kwa maana ya kwanza, itakuwa inasema kwamba hakuna king'aacho ambacho ni dhahabu, jambo ambalo dhahabu yenyewe inalikanusha. Msikilizaji anajua kuwa dhahabu hung'aa, basi huishika papo hapo maana inayoweza kuwa kweli. Msomaji wa ripoti hana ujuzi wa namna hiyo wa kumwokoa, kwani watahiniwa kushindwa wote na kushindwa baadhi yao ni mambo yanayowezekana sawasawa.

Katika mazungumzo, mkazo wa sauti kwenye "wote" huelekeza kwenye maana ya mwenzako, na mpangilio "hawakufaulu wote" huelekea huko pia, ingawa si kwa uhakika wa kutosha kuutegemea katika maandishi. Andika "Hakuna mtahiniwa aliyefaulu" au "Si watahiniwa wote waliofaulu", kulingana na unachokusudia. Hata hii ya pili ina jambo la kuangalia: kimantiki inabaki kweli hata kama hakuna aliyefaulu, lakini msomaji ataelewa kwamba wapo waliofaulu, kwa kuwa anatarajia mwandishi aseme lote analolijua. Mwandishi mwenye idadi mkononi aitaje: "Watahiniwa 15 kati ya 40 hawakufaulu."