Mteja Anadai Msimbo wa Kifaa Tulichomuuzia

SWALI: Ndugu Mhariri, tuna karakana ndogo mjini Kisumu tunamounda vifaa vya kupimia joto la majokofu ya samaki, na wateja wetu wengi ni wafanyabiashara wa ufuo wa Dunga. Joto likizidi kiwango, kifaa humtumia mwenyewe ujumbe wa simu. Ndani yake mna bodi tuliyoagiza ng'ambo, iliyokuja na mfumo wa uendeshaji wa Linux pamoja na BusyBox, mkusanyo wa programu ndogondogo za mfumo huo, na juu yake tumeweka programu tuliyoiandika wenyewe kwa miaka miwili. Sasa mteja mmoja ametuandikia akidai msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na watunzi wake, na muuzaji wa bodi hajibu barua zetu. Je, tunalazimika kuwapa washindani jasho letu?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu msomaji, mteja wenu anadai haki yake, ila haki hiyo haifiki pale mnapohofia. Linux na BusyBox zimetolewa kwa leseni ya programu huria iitwayo GPL, toleo la 2, la mwaka 1991, inayomruhusu mtu yeyote kuzitumia, kuzibadilisha na kuziuza pasipo kulipia leseni, kwa sharti kwamba anayeziuza zikiwa ndani ya kifaa aambatanishe msimbo chanzo wake wote, pamoja na maelekezo ya kompyuta yanayotumika kuziunda na kuzisakinisha, au atoe ahadi ya maandishi, yenye kudumu miaka isiyopungua 3, kwamba atampa msimbo huo yeyote atakayeuomba kwa malipo yasiyozidi gharama ya kuufikisha.

Programu yenu ni suala jingine. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliambatanisha na leseni yake maelezo kwamba programu inayoomba huduma za kiini, yaani sehemu ya Linux inayosimamia mashine, kwa njia ya kawaida haihesabiki kuwa sehemu ya kiini hicho. Kwa hiyo, ikiwa programu yenu inajiendesha peke yake na hamkunakili ndani yake msimbo wa GPL, inabaki kuwa yenu. Lakini kama mlibadilisha kiini chenyewe ili kitambue kipima joto, mabadiliko hayo yanadaiwa pamoja na mengine.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ukimya wa muuzaji wa bodi. Wengi hudhani kwamba deni ni la aliyewauzia, kumbe leseni humtazama kila anayesambaza, na ruhusa ya kupitisha tu ahadi ya mwingine imetolewa kwa usambazaji usio wa kibiashara. Ninyi mnauza. Wala haitoshi kumwelekeza mteja kwenye Linux mpya iliyoko katika intaneti, kwa kuwa msimbo anaostahili ni wa toleo lile lile lililo ndani ya kifaa chake, pamoja na marekebisho aliyoyafanya muuzaji. Asipoutoa, njia iliyo salama ni kuunda mfumo wenu upya kutoka kwenye msimbo mlio nao mkononi, kuuweka katika vifaa vilivyokwisha kuuzwa, na kusimamisha mauzo ya vile vya zamani. Ni kazi nzito, nakiri, lakini anayekiuka GPL toleo la 2 hupoteza ruhusa yote ya kusambaza programu hiyo, na nchini Kenya programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001.

Msimbo wa namna hii una manufaa ya kweli. Mwaka 2003 wanunuzi wa Linksys WRT54G, ruta ya kusambazia intaneti nyumbani, waligundua kwamba ndani yake mlikuwa na Linux, kampuni ikautoa msimbo, na kutokana nao ukazaliwa mradi wa OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta, ambao hadi leo unahuisha ruta zilizoachwa na watengenezaji wake. Mwenye jokofu la Dunga naye anastahili kumpelekea fundi mwingine kifaa chake siku karakana yenu itakapokuwa imefungwa.

Mjibuni mteja bila kukawia, kwa barua yenye tarehe, mkimtajia programu za GPL zilizomo na namna atakavyopata msimbo wake. Kisha, kila mnapotoa toleo jipya, hifadhini siku hiyo hiyo msimbo uliotumika pamoja na zana za kuliundia, kwa sababu kuutafuta baada ya miaka miwili, fundi aliyeliunda akiwa ameshahamia Nakuru, huwa karibu haiwezekani.