Chupa, Usukani na Kompyuta Inayojikokota: Maswali Yenu na Majibu

Wiki hii maswali ni mchanganyiko: wanywaji, wapenda magari, na wale ambao kompyuta zao zimegoma kukimbia. Yaliyokuwa marefu nimeyafupisha.

Kompyuta yangu inachukua dakika tano kuwaka, na nikifungua intaneti naweza kwenda kuoga nikarudi haijamaliza. Rafiki yangu anasema ninunue mpya. Nifanyeje?

Usinunue kitu bado. Kama unatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa mpigo. Litafunguka dirisha la Task Manager, na humo kuna safu tatu za kutazama: prosesa (CPU, ubongo wa kompyuta), kumbukumbu (RAM) na diski. Iache kompyuta iendelee kujikokota kama kawaida yake, wewe tazama ni safu ipi inayogonga asilimia 100 na kuganda hapo. Mgonjwa mwenyewe anakuonyesha panapouma.

Ikiwa ni diski, na kompyuta ina umri kidogo, huenda ndani mna diski ya kizamani, ile yenye sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na mkono mdogo unaorukaruka juu yake kutafuta faili. Weka sikio karibu na kibodi. Ukisikia mkwaruzo wa kukatakata, kama panya kabatini, ndiyo hiyo. Diski ya namna hii husoma megabaiti mia na kitu kwa sekunde mambo yakiwa mazuri, lakini huporomoka vibaya ikidaiwa faili ndogondogo nyingi kwa mara moja, na kuwasha kompyuta ni kazi hiyohiyo. SSD, diski ya kisasa ya kuweka mahali pake, haina kinachozunguka. Hata ile ya kawaida inayoingia kwenye nafasi ya diski ya zamani hufika kama megabaiti 500, na kwenye faili ndogondogo tofauti yake ni kubwa zaidi ya hapo. Hakuna dawa nyingine ninayoijua inayoifufua mashine kuukuu kiasi hiki. Ila weka nakala ya faili zako pembeni kabla fundi hajashika bisibisi.

Ikiwa ni kumbukumbu, hesabu kurasa ulizofungua kwenye kivinjari. Kwa RAM ya gigabaiti 4, kurasa 20 ni mzigo wa punda. RAM ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia shughuli kwenye diski, kwa hiyo wakati mwingine diski hushtakiwa kwa kosa la RAM. Tazama zote mbili kabla ya kutoa hukumu. Na laptopu nyingi nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki, uliza kwanza.

Ikiwa ni prosesa, angalia ni programu gani inayoila, kisha gusa upande wa chini wa mashine. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za joto hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Hivi karibuni nilifungua laptopu ya jamaa yangu aliyekwisha kuikatia tamaa. Kati ya feni na yale mapezi membamba ya kupoza joto palikuwa na zulia la vumbi, limeshikana hata nikalitoa zima kwa kibanio, kama kipande cha blanketi. Ukipuliza vumbi, izuie feni kwa kijiti isizunguke, maana ikizungushwa kwa upepo mkali inaweza kuharibika.

Mwisho, humohumo kwenye Task Manager kuna orodha ya programu zinazoamka pamoja na kompyuta. Za mazungumzo, za muziki, za michezo, zote zimejipanga mlangoni kabla hujaingia. Zizime zisizo na haraka. Hazifutiki, zinasubiri tu uzifungue mwenyewe.

Kuna programu inajitangaza kwamba itasafisha kompyuta na kuongeza kasi mara tatu. Niipakue?

Hapana. Nyingi huishia kuwa mzigo mmoja zaidi kwenye ile orodha niliyoitaja. Windows ina kisafishaji chake, kitumie hicho. Na kama una antivairasi mbili, ondoa moja. Zinachunguzana zenyewe kwa zenyewe huku wewe ukisubiri.

Mimi huizima kompyuta kila usiku, lakini fundi bado ananiambia niiwashe upya. Si ni kitu kilekile?

Ilikuwa hivyo zamani. Tangu Windows 8 kuna mpango wa kuwaka haraka: ukizima, kompyuta huhifadhi sehemu ya kiini cha mfumo kwenye diski, na ukiwasha hukirudisha kilivyokuwa, pamoja na uchovu wake. Ukichagua kuwasha upya, kila kitu huanza sifuri. Fundi wako yuko sahihi.

Tumebishana kazini. Mmoja anasema wiski inayouzwa zaidi duniani ni Johnnie Walker, mwingine Jack Daniel's. Amua.

Wote mmekosa. Ukihesabu chupa, India ndiyo inayotamba, na McDowell's No. 1 imekaa kileleni kwa miaka. Walio Ulaya watakuja juu wakisema hiyo si wiski, kwa sababu wiski nyingi za bei ya chini za India huwa na pombe ya molasi, yaani masalia ya sukari, na sheria za kwao zinataka nafaka. Ugomvi huo siuingii. Mnywaji wa India hana shida nao.

Kila mmoja wenu anaongoza kwao, lakini. Johnnie Walker ni ya kwanza kwa wiski za Uskoti. Ilianzia duka la bidhaa la John Walker mjini Kilmarnock mwaka 1820, na ile chupa ya mraba ilibuniwa karne hiyohiyo ili zipangike nyingi sandukuni na zivunjike chache. Ndani yake ni mchanganyiko wa wiski za viwanda vingi, na aliyeuchanganya ndiye fundi mwenyewe. Wanaodharau wiski za kuchanganya na kutukuza tu zile za kimea cha kiwanda kimoja, kwangu wanashabikia lebo.

Jack Daniel's inaongoza kwa za Marekani. Kabla ya kutiwa pipani hudondoshwa tone kwa tone kupitia mkaa wa mti wa maple, kina cha kama mita 3, na hapo ndipo inapopata ule ulaini. Kiwanda kiko Lynchburg, Tennessee, katika wilaya ambayo kwa miaka mingi sheria imebana uuzaji wa pombe. Na jina linalostahili kutajwa kila chupa ikifunguliwa ni la Nathan Green, aliyeitwa Nearest, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa. Ndiye aliyemfundisha kijana Jack kupika wiski.

Gari ghali kuliko yote duniani ni lipi?

Lililowahi kuuzwa kwa bei kubwa kabisa inayojulikana ni Mercedes-Benz 300 SLR, toleo la Uhlenhaut la mwaka 1955. Mei 2022 liliuzwa kwa mnada wa faragha mjini Stuttgart kwa euro milioni 135. Yalitengenezwa mawili tu. Yalikusudiwa kwa mashindano, lakini mwaka huohuo gari jingine la Mercedes liliruka na vipande vyake vikawaangukia watazamaji wa mbio za Le Mans, Ufaransa, watu zaidi ya 80 wakafa, na kampuni ikajitoa kwenye mbio. Mhandisi Rudolf Uhlenhaut akabaki kulitumia moja kama gari la kazini. Fikiria kuegesha hilo ofisini.

Kwa magari mapya, Bugatti iliuza La Voiture Noire mwaka 2019 kwa euro milioni 11 kabla ya kodi, na lilikuwa moja tu. Mimi hunivutia zaidi kaka yake wa kabla, Veyron ya 2005: silinda 16, turbo nne, rejeta kumi za kupoza joto, na kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 400 kwa saa tangi la lita 100 hukauka kwa takriban dakika 12.

Nimepata gari la kifahari lililotumika, miaka 12, bei yake ni sawa na gari dogo jipya. Nalitamani sana. Nichukue?

Bei ya gari imeshuka, ndugu yangu, bei ya vipuri haijashuka. Breki, taa na kompyuta zake bado zinauzwa kwa hesabu za aliyelinunua likiwa jipya. Baadhi ya Mercedes za silinda 12 zina plagi mbili kwa kila silinda. Hiyo ni plagi 24 siku ya sevisi.

Kama moyo umeshakwenda, fanya jambo moja. Omba gari liegeshwe mahali tambarare usiku kucha, asubuhi ulitazame kabla halijawashwa. Likiwa limeketi kona moja kama mbwa aliyechoka, mfuko wa hewa wa springi unavuja, na kompresa inayoujaza huenda nayo imechoka kwa kufanya kazi ya ziada. Muuzaji akikwambia "liwashe tu, litainuka", ni kweli litainuka.

Ni "whisky" au "whiskey"?

Uskoti, Kanada na Japani huandika bila e. Ayalandi na Marekani huiweka, ingawa Maker's Mark ya Kentucky, Marekani, huiacha. Sisi tuna "wiski" na tumemaliza.

Marehemu baba ametuachia chupa ya wiski ya Uskoti iliyoandikwa miaka 12. Aliinunua 1995 na haijafunguliwa. Sasa imefika miaka mingapi?

Poleni kwa msiba. Imefika 12. Wiski hukua ndani ya pipa la mwaloni tu. Ikiingia chupani umri husimama. Na hiyo 12 ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo, huenda nyingine ni kubwa zaidi.

Pipani kila mwaka hupotea kama asilimia 2 kwa mvuke, na watengenezaji huiita fungu la malaika. Ndiyo sababu za umri mkubwa huwa chache. The Macallan ya mwaka 1926 ilikaa pipani miaka 60, zikatoka chupa 40. Moja iliuzwa London Novemba 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 2.1.

Yenu haitafika huko, lakini itunzeni gizani na isimame wima. Msiilaze kama mvinyo, kwa sababu kilevi cha asilimia 40 hula kizibo cha koki. Siku mkiifungua, kizibo kikikatika msihangaike: chujeni kwa kitambaa safi, mtie kwenye chupa nyingine.